Mpiga Mbiu wa Chole Anayelihoji Tangazo Kabla ya Kulitangaza

Jua limekwisha kausha umande juu ya makuti, na mbele ya forodha ya Chole, Shamte bin Muhidini anajipaka midomo mafuta ya nazi. Anaiinua pembe ya nyati, anavuta pumzi, kisha anaipuliza mara tatu. Mbuzi waliolala kivulini wanaamka. Watu nao wanaanza kuja: wachukuzi wa mbata za nazi, wanawake waliotoka kupiga makumbi yaliyofukiwa pwani, matope yangali mikononi, na wazee wawili waliokuwa wakinyolewa, mmoja wao kichwa kikiwa na nywele upande mmoja tu.

Shamte anakunjua karatasi aliyopewa jana na karani wa shamba moja la minazi. Anaisoma neno kwa neno, kama ilivyoandikwa.

“Anatakiwa mtu mzima mwenye mwenendo uliothibitika, awezaye kuvumilia hali zote za mahali, kwa ajili ya ulinzi wa mali, pamoja na kazi ndogo ndogo nyinginezo zitakazolazimu. Malipo yatalingana na juhudi.”

Mzee mwenye nywele za upande mmoja anamwuliza jirani yake kama kuna aliyefariki.

Shamte anaikunja karatasi na kuichomeka chini ya kofia. Anaanza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayezungumza na jamaa zake barazani.

“Haya, hayo ni ya karatasi. Sasa sikilizeni ya kazi yenyewe. Hiyo mali ni mbata zinazoanikwa uwanjani. Utazilinda na kunguru, utazilinda na mbuzi, na mvua ikitishia utazifunika kwa makuti, wewe na mwenzako mmoja. Hali za mahali ni mbu. Nimekwenda nimewaona, ni wengi.”

Mchukuzi mmoja anataka kujua hizo juhudi atazipima nani.

“Hilo nimeuliza. Anapima msimamizi. Nikamwambia anitajie kwa rupia, akasema sita kwa mwezi na posho ya mchele kwa asiyesinzia. Anayesinzia, tano.”

“Na kazi ndogo ndogo ni zipi?”

“Punda,” anasema Shamte. “Kumtekea maji punda wa bwana asubuhi na jioni, na kumwosha. Punda mwenyewe anauma. Nimeonyeshwa kovu la aliyetangulia.”

Wanaume wawili waliokuwa wamesogea mbele wanarudi nyuma taratibu, wakitazama pembeni. Wa tatu, mvuvi mpana wa kisiwa cha Bwejuu, anasema yeye ameumwa na samaki mkunga mara nne na vidole vyake vyote anavyo, kwa hiyo punda hamtishi. Anaandikwa kazi asubuhi hiyo hiyo, na watu wanatawanyika wakicheka.

Kazi ya mpiga mbiu ni kupaza sauti. Hakuna anayemlipa Shamte kwa kuuliza. Kwa kila tangazo hupewa robo rupia, awe amelisoma akaenda zake kula, au ametembea kutwa nzima kulihoji. Yeye hutembea. Kabla ya kushika pembe hufika mahali penyewe pa kazi, akatazama mtu atalala wapi, atakula na nani, na aliyekuwapo kabla yake aliondoka kwa sababu gani.

“Hilo la mwisho ndilo wenye matangazo wasilolipenda,” anasema, na anacheka kwa raha ya mtu anayependa kazi yake.

Mkewe, Chiku, anayesokota kamba za makumbi uani, analithibitisha hilo kwa namna yake. “Nikimwambia wali umeiva, ananiuliza umeiva vipi. Nimemzoea,” anasema bila kuinua macho.

Shamte ana miaka arubaini na kitu, ni mrefu, na koo lake, kama asemavyo mwenyewe, limekunywa mayai mabichi mengi kuliko kicheche. Pembe ameirithi kwa baba yake. Baba alitangaza ng'ombe waliopotea, harusi, na amri za wakubwa. Matangazo ya kazi hayakuwapo zama zile, kwani aliyetaka mtu alimtuma mwanawe akamwite. Siku hizi kuna mashamba makubwa ya minazi, kuna meli, kuna reli bara. Kila mmoja anataka watu, na kila mmoja anaandika.

Kilichomfanya aanze kuhoji matangazo kilitokea miaka minne iliyopita. Aliletewa karatasi iliyosema wanatakiwa vijana wenye afya kwa kazi ya reli bara, “kwa muda utakaohitajika.” Aliisoma hapo Chole, akaisoma Kirongwe, akavuka akaisoma Jibondo.

Jibondo ni kisiwa kikavu cha waunda mashua, hata maji ya kunywa huletwa kwa chombo. Vijana kumi na mmoja wa huko waliyasikia maneno yale na kuyapima kwa desturi ya kwao. Jibondo muda wa kazi ni chombo kimoja: kikishushwa majini, fundi anakusanya vifaa vyake na kurudi nyumbani. Wakahesabu kwamba reli nayo ni chombo, tena kirefu kidogo, basi labda misimu miwili. Wakaondoka na nguo za misimu miwili.

Reli ikawa inazidi kwenda mbele, nao wakaenda nayo. Hadi leo wamerudi wawili.

“Mama zao hawakunitupia neno,” anasema Shamte, na hapa hacheki. “Ila kila nikifika waliniuliza, Shamte, umesikia nini huko? Walitoka kwa mdomo wangu. Mama yangu ni mtu wa Jibondo, wale ni damu yangu. Nilikuwa nikikaribishwa maji, naona haya kuyanywa.”

Mwandishi wa habari hii amefika Jibondo, na anaweza kusema kwamba mtu akikupa maji kule amekupa kitu. Kisiwa chenyewe ni kidogo, unakizunguka bila kuchoka. Kwa vizazi vingi watu wake wameishi kwa shoka na tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao. Lakini tangu meli ilipoanza kuchukua shehena, wenye mali waliacha kuagiza vyombo vipya. Mafundi wakabaki kuziba nyufa za vyombo vikuukuu. Mwaka juzi Jibondo yote haikushusha majini hata mashua moja mpya. Vijana waliobaki walikuwa wanauliza njia ya kwenda bara.

Ndipo, mwaka jana, baada ya mfungo, likaja tangazo lililokuwa kama limeandikwa kwa ajili yao.

Lilitoka kwa shamba kubwa la minazi lililo ng'ambo ya Chole, chini ya Mzungu ambaye watu humwita Bwana Miwani. Alitaka mashua sita za kubebea mbata. Aliyeandika ni karani wake, Tahir bin Ameir, kijana wa ukoo wa Waarabu wa Kimanga wa hapo hapo Chole, mpole na mwenye mwandiko mzuri. Lilisema: “Wanatakiwa waunda mashua wa daraja la kwanza, wenye kujitegemea katika kazi, kwa mkataba uwezao kurefushwa. Kila mwombaji ajieleze ustadi wake mwenyewe mbele ya bwana.”

Shamte hakupuliza pembe siku hiyo. Alikwenda kwanza kwa Tahir na maswali yake. Daraja la kwanza ni nini? Akajibiwa ni mashua isiyoingiza maji ikiwa imejaa. Kujitegemea? Waje na vifaa vyao. Mkataba kurefushwa? Mashua mbili zikipendeza, zitafuata nne. Je, wasipopatikana humu visiwani Mafia? Hapo Tahir akashusha sauti, akasema bwana ameshataja kuagiza mafundi kutoka mbali, nao watakuja na jamaa zao wakae.

“Maneno ya mwisho sikuyauliza,” anasema Shamte. “Kila mtu ajieleze. Niliona mepesi hayo, hata mtoto anayaelewa. Magumu yote nimeyapasua, haya nikayaacha yalivyo.”

Akavuka kwenda Jibondo na chombo cha maji, akakaa na mafundi, akawafafanulia kila kitu. Aliyeongoza ni mjomba wake, Matano, mzee ambaye ameunda vyombo tangu ndevu hazijamwota. Wakaondoka watu saba na vifaa vyao begani.

Waliporudi kutoka kwa Bwana Miwani walikuwa na furaha. Mke wa Matano akachinjisha jogoo. Tezo zikanolewa, na mtu mmoja akaanza kusafisha kiwanja cha kuundia. Wakakaa wakingoja kuitwa.

Wakangoja wiki, ikaja ya pili. Shamte akaona ajabu, akaenda kwa Tahir kuuliza kazi inaanza lini. Tahir alimtazama kwa huruma.

“Kazi gani, Bwana Shamte? Bwana amekasirika. Anasema aliomba mafundi, ukamletea wanafunzi saba.”

Ilikuwa hivi. Bwana Miwani aliwaingiza ofisini mmoja mmoja, akamwuliza kila mtu swali moja: wewe ni fundi hodari? Iddi, ambaye mashua alizozitia pamba kwenye nyufa haziingizi tone, akajibu, “Bado najifunza, bwana.” Wa pili akasema wapo wanaojua kuliko yeye. Wa tatu akasema anawasaidia saidia wenziwe. Mzee Matano akaja wa mwisho. Akaulizwa, akatazama mlango, akajibu, “Mimi nashika shika tezo tu, bwana.”

Bwana Miwani akafunga kitabu chake.

Mgeni akiyasikia haya anaweza kudhani watu wale walitishika. Hawakutishika. Walikuwa wameona swali lile ni mtego wa adabu, nao wakaamini wameuvuka vizuri. Jibondo mtu hajiiti fundi. Chombo kikiwa tayari kushushwa, mwenye chombo ndiye hulitaja jina la aliyeunda, kwa sauti ya kusikika, na fundi mwenyewe wakati huo hukaa nyuma ya watu akitazama kando. Anayejitaja mwenyewe, wenziwe huweka vifaa chini na kwenda nyumbani, na chombo chake hubaki na mbavu nje mpaka aombe radhi.

“Nilidhani Mzungu yule amefunzwa desturi yetu,” anasema Mzee Matano, sasa akiweza kucheka. “Nikasema moyoni, kumbe ana adabu, anatupima kama tuna adabu sisi. Tulirudi tukimsifu njia nzima.”

Shamte hakuwa anacheka siku aliyowapelekea habari ile. Alipofika, wakamkaribisha kwa shangwe, wakidhani analeta siku ya kuanza kazi. Ilimbidi aseme mbele ya watu wote na wake zao kwamba kazi hawana, na kwamba kabla ya upepo wa kusi kutulia mafundi wengine wataitwa.

“Wanaume walianza kuzikusanya tezo walizozinoa,” anakumbuka. “Kisha Mize, mama wa Shaabani, mmoja wa wale walioko kwenye reli, akaniuliza kwa upole: basi na hawa waliobaki nao waende? Swali lile lilinichoma, nitasema kweli. Nikamwambia mama, nipe siku chache.”

Kwanza akajaribu njia iliyonyooka: kuwafundisha kujisifu. Akaketi mahali pa bwana, akajitia kuwa na miwani, akamwita Iddi mbele. “Wewe ni fundi hodari?” Iddi akafungua mdomo, akafumba, akafungua tena. Akafika hadi “Mimi ni fu...” akajifunika uso kwa kofia, na watu wote wakaanguka kwa kicheko. Akajaribu wa pili, naye akasema afadhali apewe adhabu ya kutekea kisiwa kizima maji. Mzee Matano hakutaka hata kujaribu.

“Mpwa wangu,” alimwambia, “nikae na njaa yangu. Nikitoka mle ndani nimejisifu, nitawaangaliaje hawa? Kesho nimwambie mmoja wao shika ubao huu, atanishikia?”

“Mjomba, kujisifu basi. Nimeacha,” akasema Shamte. Alikuwa amechoka na koo limemkauka. Akauliza, kwa kuuliza tu, kama mtu anayejinyanyua aondoke, “Hebu huyu Iddi, kazi yake ni ya namna gani?”

Mzee Matano akaanza kusema. Akasema Iddi ana mkono mwepesi, pamba yake haijai wala haipungui, na kwamba chombo alichokiziba yeye mtu hulala humo na mkeka wake ukaamka mkavu. Akasema mahali Iddi alipojifunza, na vyombo alivyovifanyia kazi, kimoja kimoja. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Iddi asipewe kazi ya kupima, kwa sababu ni mwenye haraka na hupima mara moja mahali pa kupima mara mbili. Iddi mwenyewe, aliyekaa palepale, akaitikia kwa kichwa.

Shamte akaketi tena chini. Akamwuliza Iddi habari za jirani yake, na jirani habari za anayefuata. Ikawa watu saba waliokosa neno la kujisemea hawana mwisho wa kumsemea mwenzao.

Asubuhi yake alikuwa mbele ya Tahir. Alichokitaka kilikuwa kidogo: maneno ya mwisho ya tangazo yabadilishwe, kila mtu aelezwe na mwenziwe. Tahir alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

“Nitamwambia,” alisema. “Lakini ujue, Bwana Shamte, wakishindwa tena atataka pembe yako apewe mtu mwingine. Amekwisha sema hivyo mara moja.”

“Mwambie pembe naiweka mezani kwake. Tukishindwa, aichukue.”

Tahir ndiye aliyesimama kati ya Shamte na bwana ofisini, akitengeneza maneno pale bwana alipoona mazito. Anakumbuka kwamba Bwana Miwani alicheka kwanza. Hawa ni ndugu, alisema, watasifiana. Nani asiyemsifu nduguye?

Shamte akamjibu kwamba mashua mpya ya Jibondo siku ya kwanza haipandwi na mwenye chombo. Wanaoipanda ni mafundi wote walioiunda, na wanaipeleka mpaka maji mengi. “Bwana, fundi akimsifu mzibaji asiyejua kuziba, atakuwa amekaa na huyo mzibaji humo humo, maji yanapanda. Hawana nafasi ya kusifiana bure.”

Bwana Miwani akasafisha miwani yake kwa muda. Akasema waletwe kesho, wote kwa pamoja.

Siku hiyo mafundi walivaa kanzu zao za Ijumaa. Waliketi juu ya mkeka katika ofisi ile inayotazama pwani wanakopakilia mbata. Bwana akamwelekezea kidole Iddi, na Mzee Matano akaanza kusema. Alipofika kwenye lile la Iddi kupima kwa haraka, Bwana Miwani akainua uso. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuomba kazi katika ofisi ile akaja na kasoro yake.

“Pale ndipo nilipoona mambo yamegeuka,” anasema Tahir. “Aliacha kuandika. Akawa anauliza mwenyewe, huyu je, na huyu? Na wao wanamwambia: huyu anachonga vizuri lakini macho yake ya mbali yamechoka, huyu ni mzuri ila msimweke karibu na shemeji yake, watazungumza kutwa. Alikuwa anacheka mpaka machozi.”

Wakabaki kwa Mzee Matano. Alikuwa ameketi nyuma ya wenziwe, karibu na mlango, anatazama nje.

Bwana akauliza, “Na mzee?”

Wote sita wakataka kusema pamoja, kisha wakamwachia Iddi. Iddi, aliyekuwa hawezi kutoa neno juu ya nafsi yake, akasimama na kwenda dirishani. Akanyoosha mkono kuelekea pwani, ambako wachukuzi walikuwa wakipakia magunia katika mashua yenye tanga la viraka.

“Ile pale, bwana, inayobeba mbata zako. Ameiunda yeye, mimi sijazaliwa. Na ile nyuma yake, iliyopakwa chokaa, ya kwake. Ile inayoingia sasa hivi aliiunda na marehemu baba yangu. Mwulize nahodha yeyote hapo chini kama imewahi kumrudisha njiani.”

Bwana Miwani akaenda dirishani, akatazama kwa muda mrefu. Mwaka wa tatu huo alikuwa akisafirisha mali yake kwa vyombo vile na hajauliza vilitoka mikononi mwa nani. Akageuka, akampa Mzee Matano mkono, na Mzee Matano akaupokea huku bado akitazama mlango.

Kazi wakaipata, zote sita, si mbili za kujaribia.

Hadithi ingeishia hapo ingetosha kumfurahisha mtu, lakini haikuishia hapo. Mashua ya kwanza ilipokuwa tayari, Shamte alimwendea Bwana Miwani mapema na kumfafanulia kazi yake siku hiyo, kama anavyowafafanulia wachukuzi wa Chole. Bwana akafika Jibondo na viatu vyake vya ngozi, akaingia majini hadi magotini, akalitaja jina la Matano mbele ya kisiwa kizima kwa sauti iliyofika upande wa pili. Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaosema kwamba Mzee Matano alilia ni wengi. Mwenyewe anasema alikuwa akitazama kando, kwa hiyo hajui.

Leo nne kati ya zile sita ziko baharini. Mbili zimesimama kiwanjani, na sauti ya tezo inasikika kabla hujashuka chomboni. Wafanyabiashara wawili wa Kilwa waliziona zile nne zikipita, nao wakaagiza kila mmoja ya kwake. Hakuna kijana hata mmoja aliyeondoka Jibondo kwenda bara tangu mwaka jana. Iddi ameoa. Vyombo vya maji vinavyokuja kisiwani vimeongezeka, kwa sababu watu wanaofanya kazi wanakunywa zaidi.

Na makaratasi nayo yamebadilika. Tahir siku hizi humwita Shamte kabla hajatia kalamu kwenye wino. Mwandishi alipotembelea ofisi yake aliwakuta wamekaa pamoja juu ya tangazo la mpishi. Karani alikuwa ameandika “awe mwenye uzoefu wa kutosha.” Shamte akauliza umtosheleze nani. Baada ya ubishi wa kirafiki na vikombe viwili vya kahawa, wakaandika kwamba ajue kupika wali, samaki na mkate, kwa watu wanane. “Maneno yamepungua, na wanaokuja ni wale tunaowataka,” anasema Tahir. “Mimi nilifunzwa kuandika kwa heshima. Yeye anasema heshima ni mtu asitembee bure kutoka Kirongwe.”

Alipoulizwa kuhusu matumaini yake, Shamte alimwambia mwandishi apande naye chombo cha maji, waende Jibondo. Njiani mwandishi aliona mengi ya bahari, hasa ya pembeni mwa chombo alikokuwa ameinamia, na Shamte akamshika mgongo kwa wema bila kumtania hata kidogo.

Watu wamekusanyika kivulini mwa mashua ya tano. Kazi imezidi mikono iliyopo, na wiki iliyopita wazee walikubaliana jambo ambalo Jibondo haijawahi kulifanya. Wametoa tangazo lao wenyewe. Mzee Matano amelisema, Shamte amelihoji, na Tahir ameliandika mara mbili, kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi za Kizungu. Shamte atavuka nalo bara na pembe yake, na kuifuata reli kambi baada ya kambi mpaka awapate wale tisa.

“Niliwapeleka kwa maneno nisiyoyajua,” anasema. “Safari hii kila neno nalijua.”

Anapuliza pembe mara moja tu, maana wote wapo. Anasoma.

“Kazi ipo Jibondo. Ni ya kuunda mashua. Nne zinangoja, na nyingine zinakuja. Chakula ni cha nyumbani. Maji yanafika. Hakuna atakayeulizwa kwa nini alikawia. Rudini.”

Anashusha karatasi na kuuliza, kama kawaida yake, nani hajaelewa, nani ana swali. Hili halina cha kufafanuliwa.

Mize peke yake ananyanyua mkono. Miaka minne amekuwa akimwuliza Shamte swali lile lile, umesikia nini huko, na leo anauliza jingine.

“Unaondoka lini, mwanangu?”

“Jumamosi, mama.”